MFICHA MARADHI: HABARI YA MAJI TAKA YA UTENDE

Kuna jambo moja ambalo watu hawapendi kulizungumza barazani, nalo ni habari ya choo. Mtu atazungumza nawe juu ya bei ya nazi, juu ya ngalawa, juu ya mahari na juu ya siasa mpaka usiku wa manane. Lakini ukimwuliza maji ya chooni kwake yanakwenda wapi, atacheka au atakuona huna adabu. Sisi leo tumekubali kuonekana hatuna adabu. Gazeti linaloona haya kusema yanayowaumiza watu halina faida kwa mwananchi, na wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Twataka kusema habari ya maji taka ya Utende.

Utende ni kijiji cha Kisiwa cha Mafia, upande wa mashariki, mwisho wa barabara itokayo Kilindoni. Mbele yake iko Ghuba ya Chole, na ng'ambo viko visiwa vya Chole na Juani, na kusini zaidi Jibondo. Mwaka 1995 bahari hii iliwekwa katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ambayo ni ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1994. Ukubwa wake wapata kilomita za mraba 822. Lango lake liko Utende, na mgeni akifika hapo hulipa ada kabla ya kuendelea kwenye hoteli za pwani. Analipa ili aone nini? Aone matumbawe na samaki. Basi matumbawe ndiyo shamba la Utende. Mvuvi huvuna samaki humo, mwenye hoteli huvuna wageni, Serikali huvuna ada, na mama anayeokota pweza mwambani huvuna kitoweo cha wanawe. Shamba ni moja, wavunaji ni wengi.

Shamba hili lina sheria zake. Mvuvi amekatazwa juya. Amekatazwa baruti, na hiyo ni haki kabisa, kwa maana baruti ni uuaji. Yako na maeneo ambayo haruhusiwi kutupa hata ndoana moja. Wavuvi wamebeba mzigo huu kwa sababu waliambiwa kwamba matumbawe yakifa, samaki nao watakwisha. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini kama ni ya kweli kwa wavu, ni ya kweli kwa bomba vile vile. Sheria inayohesabu matundu ya wavu wa maskini haiwezi kufumba macho mbele ya maji ya vyoo yanayofuata matumbawe yale yale.

Ieleweke kwamba hatumshitaki mtu. Hatusemi hoteli fulani inafanya hivi, wala nyumba fulani inafanya vile. Twasema kwamba mwananchi wa Utende anayo haki ya kuuliza, na anayetaka kuuliza sharti kwanza ajue maneno. Asiyejua maneno huambiwa neno moja la kitaalamu, akanyamaza, akarudi nyumbani akidhani amejibiwa. Kwa hiyo leo tufundishane maneno.

VITU VINNE

Maji taka ni maji yote yaliyokwisha kutumika nyumbani: ya chooni, ya kuogea, ya kufulia na ya jikoni. Maji ya mvua siyo, na ni kosa kuyaingiza humo, kwa kuwa huja kwa wingi siku moja yakalifurisha tanki. Katika kila sehemu 1,000 za maji taka, karibu 999 ni maji tu. Taabu yote inatokana na ile sehemu moja iliyobaki. Ndani yake mna vitu vinne, na atakayevishika hivi vinne amekwisha kuipata nusu ya elimu hii.

Cha kwanza ni uchafu mgumu, yaani vipande vinavyoonekana kwa macho, vinavyozama na vinavyoelea. Cha pili ni uchafu ulioyeyuka, ambao ni chakula cha bakteria. Cha tatu ni vimelea vya maradhi: vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu, na mayai ya minyoo. Cha nne ni mbolea, yaani naitrojeni na fosforasi, vitu vile vile ambavyo mkulima huvinunua dukani kwa fedha.

Kila kimoja kinaondolewa kwa njia yake. Njia inayoondoa cha kwanza haiondoi cha nne. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Sisi maji yetu tunayasafisha," usipige makofi upesi. Mwulize: katika vile vinne, umeondoa kipi?

KIPIMO CHA NJAA

Wataalamu wanacho kipimo wanachokiita mahitaji ya oksijeni. Sisi twakiita kipimo cha njaa. Bakteria wakikuta uchafu ulioyeyuka hula, na wakila hutumia oksijeni iliyomo majini, ile ile anayoitegemea samaki. Mtaalamu hutia maji katika chupa iliyofungwa, huiweka gizani kwa siku 5 katika joto la nyuzi 20, kisha hupima oksijeni kiasi gani imeliwa. Yakiwa machafu sana huyachanganya kwanza na maji safi, akapiga hesabu.

Maji taka ya nyumbani yasiyosafishwa huweza kutaka miligramu 300 hivi za oksijeni kwa kila lita. Maji ya bahari yetu, kwa kuwa ni ya joto, hubeba miligramu 6 hivi tu kwa lita. Piga hesabu mwenyewe: lita moja ya maji taka huweza kumaliza oksijeni ya lita 50 za bahari. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinataka maji yanayoachiliwa yasizidi miligramu 30. Maana yake ni kwamba njaa ipunguzwe mara kumi kwanza, ndipo maji yaruhusiwe kutoka.

Sasa tuchukue mfano. Nyumba ya wageni yenye vyumba 20, kila chumba watu wawili, kila mtu akitumia lita 250 kwa siku kwa kuoga, choo na kufuliwa shuka, hutoa lita 10,000. Hayo ni mapipa 50 makubwa kila siku. Kaya inayochota kwa ndoo haitumii hata pipa moja. Hatusemi hivi kwa kijicho. Twasema mwenye mapipa 50 ana deni la mapipa 50.

NGAZI ZA KUSAFISHA

Kusafisha maji taka ni kupanda ngazi. Ngazi ya mwanzo kabisa ni chujio. Vyuma vilivyopangwa kama fito za dema huzuia matambara, vijiti na mifuko, na mchanga huachwa uzame.

Ngazi inayofuata ni kutuama. Maji hutulizwa katika tanki. Vizito huzama chini vikawa tope, mafuta na vyepesi huelea juu vikawa utando. Maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Hapo umeondoa sehemu kubwa ya kitu cha kwanza, na sehemu ndogo ya kitu cha pili. Vimelea wamo. Mbolea imo.

Ngazi ya tatu ni ya bakteria, nayo ndiyo moyo wa kazi. Binadamu hapa hafanyi la ajabu. Humpa bakteria mahali pa kukaa na hewa ya kutosha, akaila ile njaa tuliyoitaja kabla haijafika baharini. Mwaka 1914 katika mji wa Manchester, Uingereza, mabwana wawili, Edward Ardern na William Lockett, walitangaza kwamba tope lililopulizwa hewa likirudishwa katika maji taka mapya, huyasafisha kwa saa chache, kwa kuwa limejaa bakteria walio hai. Mitambo mingi ya miji mikubwa duniani yafuata njia hiyo hata leo. Ubaya wake kwetu ni kwamba inataka umeme mchana na usiku. Umeme ukikatika hewa hukatika, na bakteria wale hawana subira.

Iko njia ya nchi za jua, nayo ni mabwawa. Maji hupita bwawa la kwanza lenye kina kirefu, ambamo bakteria wasiotaka hewa hufanya kazi. Kisha huingia bwawa la pili, ambamo mwani mdogo hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua. Mwisho hukaa katika mabwawa mafupi ya kina, ambamo jua na siku nyingi huua vimelea. Wakazi wa Dar es Salaam wayajua mabwawa ya Vingunguti, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyafanyia mabwawa ya namna hii utafiti wa miaka mingi. Mabwawa ni kazi nzuri, lakini yanakula ardhi, na juu ya mwamba wenye nyufa lazima yasakafiwe chini yasivuje.

Ngazi ya juu ni kuua vimelea waliobaki na kuondoa mbolea. Vimelea huuawa kwa jua, kwa mwanga maalumu au kwa klorini. Lakini klorini si dawa ya kila kitu. Ikitiwa katika maji yaliyo machafu bado, huliwa na uchafu na vimelea hupona. Ikizidi, huenda baharini ikaua viumbe. Tena haiondoi mbolea hata chembe.

TANKI NA SHIMO

Msomaji wetu wa pwani atasema: "Mambo ya mitambo ni ya miji. Kwetu kuna choo cha shimo, na mwenye uwezo ana tanki la septiki." Haya, tuliangalie tanki hilo.

Tanki la septiki ni chumba cha zege au matofali, aghalabu chenye sehemu mbili, kisichovuja. Maji huingia upande mmoja, hutuama siku moja au zaidi, hutoka upande wa pili kwenda katika shimo la kufyonzea lililojazwa mawe. Ndani ya tanki bakteria wasiotaka hewa huyeyusha tope kidogo kidogo. Hiyo ni ngazi ya kutuama na kidogo zaidi. Njaa hupungua theluthi moja, au nusu likiwa zuri sana. Usafishaji uliobaki haufanywi na tanki. Unafanywa na ardhi. Udongo na mchanga ndio unaoyachuja maji yale polepole, na bakteria wa ardhini hummaliza kimelea njiani.

Shauri la Utende liko hapo. Upande huu wa Mafia, pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Kila aliyechimba msingi anaujua. Ni mwamba wenye matundu na nyufa, na nyingine ni mapango. Maji yakiingia ufa hayachujwi. Hupita kama mtu anayepita mlango ulioachwa wazi.

Watu wa Key Largo katika jimbo la Florida, Marekani, wamejenga juu ya mwamba wa aina hiyo hiyo. Wataalamu wao walitia virusi wasiodhuru watu katika tanki la septiki la nyumba, kisha wakangoja kuona watatokea wapi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1995, virusi walionekana katika mfereji wa jirani baada ya saa 11, na katika maji ya bahari baada ya saa 23. Hata siku moja haikutimia! Mwenye nyumba amelala anadhani uchafu wake umezikwa, kumbe umekwisha kuamkia baharini.

Na si bahari tu. Katika kisiwa maji matamu ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta. Kisima na shimo la choo huchimbwa katika mwamba mmoja. Kanuni inayofundishwa ni kwamba shimo la choo liwe mbali na kisima kwa mita 30, na chini yake pabaki mita moja na nusu ya ardhi kavu juu ya maji. Lakini kanuni hiyo imefikiriwa kwa udongo unaochuja. Katika mwamba wenye nyufa, mita 30 zaweza kuwa hatua moja. Kuchemsha maji kutakuokoa na kipindupindu, na kila mtu na achemshe, lakini kuchemsha hakuondoi naitrojeni ya chooni, ambayo ikizidi humdhuru mtoto mchanga.

MBOLEA KATIKA SHAMBA LISILOTAKA MBOLEA

Tumeeleza kitu cha pili na cha tatu. Sasa kitu cha nne, ambacho watu hukidharau kwa kuwa hakinuki.

Tumbawe ni mnyama, na anapenda maji maangavu yasiyo na mbolea. Ukimwaga mbolea mahali pake, anayestawi ni mwani, ambao humfunika na kumnyima mwanga. Ghuba ya Kaneohe huko Hawaii ilipokea maji taka kwa miaka mingi, na mwani wa kijani ukayafunika matumbawe. Mwaka 1977 na 1978 mabomba yaligeuzwa yakaacha kumwaga ndani ya ghuba. Mwani ukapungua, na katika miaka iliyofuata matumbawe yakaanza kurudi. Hapo pana funzo mara mbili: bomba huua, na bomba likiondolewa bahari husamehe.

Mfano wa karibu zaidi ni Zanzibar. Mwaka 1995 kundi la wataalamu, pamoja nao Salim Mohammed na marehemu Adelaida Semesi, lilitoa habari ya mwani wenye chokaa, ule unaoyashika matumbawe kama saruji inavyoshika mawe ya ukuta. Walikuta kwamba hupungua kadiri unavyoyakaribia maji taka ya mji, na majaribio yao yakaonyesha kuwa fosforasi iliyozidi huuzuia usikue. Ukuta usio na saruji hausimami siku ya wimbi kubwa.

Na ukuta wa Mafia umekwisha kutikiswa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya Mafia yakafa. Joto hilo hatukulileta sisi, wala hatuwezi kulizuia kwa mkutano wa kijiji. Maji taka twaweza. Mgonjwa aliyetoka kitandani haongezewi mzigo.

MKONDO HAUSAFISHI

Wako watakaosema: "Ghuba ya Chole ina mkondo. Maji ya bamvua huingia na kutoka, huosha kila kitu." Ni kweli mkondo una nguvu. Lakini wakati wa maji mafu nguvu hiyo hupungua, ilhali vyoo havina maji mafu, hutumika kila siku. Na mkondo ukichukua uchafu wa Utende, waupeleka wapi? Huko nako kuna watu: Chole, Juani, Jibondo. Mkondo hausafishi, huhamisha. Kumhamishia jirani taka si usafi.

Wazungu wenyewe walijifunza jambo hili kwa aibu. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata Bunge la Uingereza likashindwa kukaa sawasawa, na mapazia yake yakaloweshwa dawa. Ndipo wabunge walipotoa fedha upesi, kwa kuwa harufu ilikuwa imefika kwenye madirisha yao. Bwana Joseph Bazalgette akajenga mabomba makubwa yaliyo mashuhuri hata leo. Lakini mabomba yale hapo mwanzo hayakusafisha kitu. Yaliupeleka uchafu chini ya mto, mbali na Bunge, ukamwagwa huko. Waliokaa chini ya mto ndio walionusa.

Na huku kwetu je? Wakoloni waliigawa Dar es Salaam katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma zikaufuata mgawanyo huo. Maji taka ya katikati ya mji yakaongozwa kwa bomba mpaka baharini pale Ocean Road, na kwa miaka mingi yakamwagwa huko bila kusafishwa. Desturi ya kudhani kwamba bahari ni pipa la taka tuliirithi. Si kila urithi ni wa kutunzwa.

NINI KIFANYIKE

Hatupendi kuwa watu wa kulaumu tu. Dawa zipo, na nyingine hazitaki umeme wala mashine ya kuagiza ng'ambo.

Ya kwanza ni bustani ya matete. Maji yanayotoka katika tanki la septiki hupitishwa katika kitalu kilichosakafiwa, chenye kina cha sentimita 60 hivi, kilichojazwa kokoto na kupandwa matete. Maji hupita chini ya kokoto, kwa hiyo hakuna mbu wala harufu. Bakteria hukaa juu ya kokoto na katika mizizi wakala njaa ile. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia kazi njia hii pia. Mtu mmoja huhitaji mita ya mraba moja hadi tatu, na fundi ndiye wa kukadiria. Tunaongeza neno moja: kokoto zisichimbwe baharini, tusije tukavunja matumbawe ili kuyaokoa.

Ya pili ni kurudisha mbolea mahali pake. Bustani ya matete huondoa sehemu tu ya mbolea. Maji yaliyokwisha kusafishwa yasitumbukizwe katika ufa wa mwamba, bali yanyweshwe minazi na miti ya kivuli. Kile kinachoua tumbawe hustawisha mnazi.

Ya tatu ni choo cha vyumba viwili kilichoinuliwa juu ya ardhi, kwa kaya zetu. Hakichimbwi kufikia maji. Chumba kimoja hutumika na kutiwa majivu, kikijaa hufungwa na cha pili kikaanza. Kilichofungwa kikae zaidi ya mwaka, vimelea wafe, kisha kifukuliwe kiwe samadi. Mwaka 1973 taifa hili lilisikiliza radio katika vikundi kwa kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wakachimba vyoo kwa mikono yao nchi nzima. Leo tunahitaji moyo ule ule pamoja na elimu zaidi, kwa sababu katika mwamba wa Utende choo kirefu si lazima kiwe choo chema. Tusiwanyooshee wageni kidole huku mashimo yetu wenyewe yamegusa maji ya kisima.

Ya nne ni tope. Hakuna tanki lisilojaa. Lisiponyonywa kila baada ya miaka michache, tope hufurika kwenye shimo, na hapo unamwaga maji taka ghafi. Likinyonywa, sharti liwe na mahali pa kukaushwa pasipovuja, na kila safari iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tope ni hivyo hivyo.

MASWALI YA MKUTANO

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ipimwe athari zake kabla ya kujengwa, na inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuudhuru ufuko ndani ya mita 60 za ukingo wa bahari. Sheria ya kuanzia basi tunayo. Kinachohitajika ni mkutano mkuu wa kijiji unaojua kuuliza. Twashauri kila anayejenga karibu na ghuba, awe mgeni, mwenyeji au Serikali yenyewe, aulizwe hadharani maswali haya matano:

Maji taka yako ni lita ngapi kwa siku, hoteli ikijaa?

Katika vitu vinne, waondoa kipi, na kwa njia gani?

Kipimo cha njaa kilipimwa lini, na kilikuwa miligramu ngapi?

Maji yakitoka yanakwenda wapi: mtini, shimoni, au ufani?

Tope linanyonywa lini, na linapelekwa wapi?

Majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, yasomwe na kila mtu. Mwenye kazi safi hataogopa, tena atajisifu nayo kwa wageni wake. Sehemu ya ada inayolipwa langoni itumike kupima maji ya visima na ya ufukoni mara kwa mara, na vijana wa Utende wafundishwe kazi hiyo. Kuchukua maji kwa chupa safi na kuandika tarehe si uchawi.

Watasema ni gharama. Nasi twakubali kwamba ni gharama. Mvuvi naye alipokunja juya lake aliingia gharama. Alitakiwa aifikirie kesho ya watoto wake, akafanya hivyo. Ombi hilo hilo sasa lipelekwe kwa mwenye bomba, kwa uzito ule ule na kwa sheria ile ile. Hatuwezi kuwa na bahari moja yenye hifadhi mbili, moja ya kumzuia mwenye ngalawa na nyingine ya kumsetiri mwenye tanki.

Wananchi wa Utende, itisheni mkutano. Semeni habari ya choo bila kuona haya. Haya wamwachie anayemwaga.